Mtani Mwenye Darubini

Nyie vijana mtakaosoma haya, kwanza acheni kutafuna. Mtu hasomi maneno ya bibi yake huku anatafuna. Na msiulizane bibi alifika darasa la ngapi, maana najua mnanong'ona. Nilisoma chuoni, nikahitimu msahafu, na hizi herufi nyingine nilifundishwa ukubwani, nikiwa nimeshazaa. Zinanitosha. Nataka niwaeleze habari ya damu ya babu yenu, kwa sababu kila mkikusanyika kwenye shughuli mnaisimulia vibaya. Mnasema babu aligeuka kuku. Hakugeuka kuku. Kaeni kimya niwaambie ilivyokuwa.

Mimi mzaliwa wa Kisarawe, kule juu vilimani. Niliolewa huku bondeni, upande wa Ruvu, kwenye mpunga na mbu. Wakati ninaousema, vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha na Mwingereza bado anatutawala. Tulikuwa na dispensari ya chumba kimoja na kibaraza, mwendo wa saa nzima kwa mguu kutoka kwetu. Ukienda na homa, dresa anakuambia toa ulimi, anautazama kama anatazama nguo ya mtumba, anakupa dawa, basi. Kama una malaria, kama una njaa, kama umegombana na mumeo, dawa ni ile ile.

Halafu akaletwa mpima damu. Kijana mrefu, mkimya wa uso, ana kisanduku cha mbao amekishika kama ameshika mtoto mchanga. Ndani ya kisanduku mna darubini. Watu tukajaa kibarazani. Mume wangu akamuuliza kwao wapi. Akajibu kwao Unyamwezini.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Nyie wa leo mnadhani utani ni wa timu za mpira. Utani wa zamani ulikuwa sheria. Mtani wako anaweza kukuita jina lolote mbele ya wakwe zako. Anaweza kuchukua kitu chako ukakitazama kinakwenda. Na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na hukushindwa peke yako, umeshindwa na ukoo mzima. Na mume wangu, Mungu amrehemu, kwa kulima alikuwa wa wastani, lakini kwa utani hapakuwa na wa kumpiku kutoka Mlandizi mpaka Kwala.

Basi akasimama pale pale, mikono kiunoni.

"Wewe mpagazi, nani amekuruhusu utue mzigo hapa?"

Yule kijana wala hakugeuka. Anafuta kioo chake taratibu.

"Nimetumwa kuja kuangalia," akasema, "Wazaramo mna damu au mna tui la nazi."

Watu walicheka mpaka dresa akatoka nje kuuliza nani amekufa. Mume wangu akachukua kiatu kimoja cha mpima, akaenda nacho, akakitundika juu ya mlango wetu. Siku tatu mpima wa serikali anapima damu za watu na kiatu kimoja. Nilikirudisha mimi. Mimi utani sikujaliwa, na kiatu cha mtu kinanuka mlangoni.

Sasa sikilizeni namna ya kazi yake, maana bila hiyo hamtaelewa kuku anaingiaje. Anakukamata kidole, anakifuta kwa spiriti, anakutoboa kwa sindano. Tone moja analiweka kwenye kipande cha kioo, analizungusha kwa pembe ya kioo kingine mpaka linakuwa duara nene. Tone la pili analisukuma kwa ukingo wa kioo mpaka linakuwa jembamba kama mafuta yaliyopakwa kwenye chapati. Anaandika namba yako kwa penseli. Halafu anaacha vikauke kivulini. Mwanzoni inzi walikuwa wanatua wanalamba. Damu ya watu watano iliishia matumboni mwa inzi, watano wale wakaitwa kutobolewa upya, wakaja wanatukana. Nikampelekea kawa langu la kufunikia wali. Tangu siku hiyo damu za kijiji kizima zikawa zinakaukia chini ya kawa langu, na mimi nikasuka jingine.

Mume wangu akaliona lile kawa, akaona njia.

Aliiba kioo kimoja kitupu. Anasema hakuiba, alichukua kwa utani. Akaja nyumbani, akamkamata kuku wa mama mkwe wangu, tetea mwekundu, akamtoboa kwenye bawa. Kuku alipiga kelele, mama mkwe alipiga kelele zaidi. Akazungusha tone, akasukuma tone, akiiga kila kitu kama alivyoona. Kesho yake asubuhi akaenda akatobolewa kidole kama mtu mwema, na mpima alipogeuka kunawa, akafunua kawa, akatoa kioo chake akaweka cha kuku. Namba aliiandika vizuri, penseli alikuwa nayo sikioni. Akaja kuniita.

"Njoo ushuhudie," ananiambia. "Leo Mnyamwezi atasema kuku ana malaria."

Tukakaa kibarazani, watu kama ishirini. Mpima akaweka kioo, akainamisha jicho. Akakaa. Akainua kichwa, akamtazama mume wangu kuanzia unyayo hadi kofia. Akainama tena. Kisha akasimama na kutangaza kwa sauti ya muadhini:

"Jamani! Damu ya mtu ni vidonge vya duara, vitupu katikati. Hii hapa kila kidonge kina umbo la yai, na ndani kina kiini. Ni damu ya kuku. Kama ni jogoo au tetea darubini haisemi. Tutamjua akitaga."

Lo! Wale watu hawakuwa na huruma. Kuanzia siku hiyo mume wangu akipita, mtu anafanya kokoko kokoko nyuma ya ua. Mtu mzima anakwenda msikitini na kanzu yake, anatupiwa punje za mtama. Mama mmoja jirani yangu aliniletea kikapu na nyasi kavu, ananiuliza amuwekee mume wangu chini ya kitanda au juu. Na mume wangu haruhusiwi kukasirika. Alikuwa anacheka na meno yameumana. Akaapa kwamba maadamu yu hai, lisemwalo na kile kioo hataliamini tena.

Haikupita nusu mwezi, akashikwa na homa.

Ilianza mchana, wakati wa palizi. Nilidhani anakwepa jembe, maana hiyo ilikuwa tabia yake nyingine. Lakini nilimshika nikakuta anaungua kama kikaango. Akatetemeka mpaka kitanda kikatembea. Kesho yake akaamka, akala, akasema, "Mnaona? Yalikuwa mafua." Keshokutwa akaanguka tena.

Nikamwambia twende akapimwe.

"Siendi. Wataniambia nimeatamia."

"Utakwenda."

"Mke wangu, kuku akiatamia huwa na joto. Wanangoja hilo tu."

Nilimpeleka. Msiniulize kwa njia gani, alikuwa hana nguvu na mimi nilikuwa nazo. Mpima alipomuona anaingia akafungua mdomo ili aseme neno. Akautazama uso wa mume wangu, akaufunga. Akamtoboa. Safari hii kidole chenyewe na kioo chenyewe, na mimi nilisimama juu ya kawa kama askari, asiwepo wa kubadilisha kitu. Kikakauka. Lile tone jembamba akaligusisha spiriti. Akamimina dawa ya rangi ya zambarau, tukangoja muda wa kuteleka wali mpaka kuupalia makaa. Akasuuza kwa maji polepole. Halafu akadondosha tone la mafuta juu.

"Mafuta ya nini?" nikamuuliza. "Unataka kuikaanga?"

"Bila mafuta sioni vizuri, shemeji. Na usogee kidogo, umeniziba jua."

Ile darubini ilikuwa na kioo cha kujitazamia chini yake, kinakamata mwanga wa nje. Wingu likipita, kazi inasimama. Akawa anatazama, anasogeza kidogo, na kila akisogeza anahamisha punje moja ya choroko kutoka kikombe hiki kwenda kikombe kile. Nikamuuliza za kupika? Akasema za kuhesabia: mpaka punje mia zihame ndipo anathubutu kumwambia mtu huna wadudu. Kwa mume wangu hazikuhama kumi.

Akainua kichwa. "Anao. Wengi. Na ni wale wabaya, wanaopanda kichwani."

Mume wangu, pale alipokuwa amejilaza kwenye benchi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akatapika, akamaliza kutapika akaendelea kucheka.

"Umekosa neno jipya, mpagazi! Sasa nina wadudu! Kuku ana viroboto, si ndiyo?"

"Safari hii sitanii."

"Mtani hatanii! Jamani mmesikia?" Na vidonge alivyopewa akavitupa uani, mimi nikaviokota nikavifunga pindoni mwa khanga.

Nikamwambia mpima, nionyeshe. Akasema wanawake huwa hawatazami. Nikamwambia huyu mmoja atatazama. Nilifumba jicho moja nikaona giza, nikafumba la pili nikaona giza zaidi, mpaka akaniambia shemeji fumba moja tu. Basi nikaona. Vitumbua vyekundu vimetandazwa vingi, na ndani ya baadhi ya vitumbua mna pete. Pete nyembamba ya buluu, ina kito chekundu. Zilipendeza, hilo ndilo lililoniudhi. Akabadilisha upande, akanionyesha lile tone nene, vitumbua vimepasuka vyote, pete zimebaki zimetapakaa.

"Hili nene ni la kumtafuta mwizi," akasema, "lile jembamba ni la kumtambua sura."

"Na asipokunywa dawa?"

"Wakipanda kichwani ataongea na ukuta. Halafu hataongea tena."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu nimewaona kwa jicho langu. Akasema mpima amepaka kioo rangi. Nikamwambia mama mkwe. Mama mkwe alikuwa anamfukiza mwanawe kwa majani, chungu kinatoa moshi na mtu anatoa jasho chini ya shuka.

"Mwanangu hana malaria," akasema, "ana hasira alizozimeza. Na mtani ni mtani, mkwe wangu. Hata akikuambia jua limechomoza, toka nje ukatazame."

Niliketi nikafikiri. Nilikuwa na watoto wadogo wawili. Mpunga umebakiza miezi miwili uvunwe. Eda ni miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, sitoki. Nani atafukuza ndege? Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu. Kwamba nilikuwa namtazama yule bwana amelala, midomo imempasuka, nikimwekea kiganja puani kuona kama anapumua, hilo sikumwambia mtu.

Siku iliyofuata mpima akaja nyumbani na shauri lake mwenyewe. Mnajua kwamba kwenye msiba mtani ndiye mwenye shughuli. Ndiye anachimba kaburi, ndiye anaigiza marehemu alivyokuwa anakula, na nguo za marehemu ana haki nazo. Basi aliingia na jembe begani na kamba mkononi. Hakubisha hodi. Akampima mume wangu kwa kamba kutoka utosini mpaka kisiginoni, akapiga fundo.

"Mrefu kiasi," akasema. "Tutamkunja."

Akachukua kanzu mpya ya mume wangu kwenye kigingi, akaivaa. Ikamfika magotini. Akavaa na kofia. Akaanza kutembea uani akimuiga, kifua mbele, mkono mmoja nyuma. Mama mkwe akashika kichwa, anasema astaghfirullah, huku bega linamtikisika kwa kicheko.

Shauri lilikuwa mume wangu aogope. Mume wangu alifurahi! Alijikunja kitandani akajifanya maiti, akajifunika uso mwenyewe, akawa anasema kutoka chini ya shuka:

"Mpagazi, kaburi lichimbe refu, nisije nikakusikia ukiimba."

"Marehemu haongei."

"Marehemu anadai kofia yake!"

Wakaendelea hivyo mpaka homa ikampanda mume wangu katikati ya neno. Macho yakageuka, akaanza kuuambia ukuta ulete jembe. Mpima akavua kanzu haraka, akaitundika. Alitoka bila kuaga.

Nilimfuata njiani. Nikamsimamisha.

"Wewe. Kesho unarudi kwangu, na hutanii."

"Shemeji, nitafanyaje? Nikimuona tu mdomo unajifungua."

"Utaufunga. Tena tutafanya mazoezi hapa hapa. Sema: Pole sana, ndugu yangu."

"Pole sana, ndugu yangu uliyetaga—"

"Rudia."

"Pole sana, ndugu yangu." Akaangua kicheko, akajishika goti.

"Rudia. Tazama jembe lako, usinitazame mimi."

Tulisimama pale njiani, wapita njia wanatushangaa, mwanamke anamfundisha mpima damu wa serikali kutoa pole. Mara ya nne aliisema mpaka mwisho. Kicheko hakikuja. Alibaki ameinama, anafuta pua kwa mkono wa shati, na mimi nikatazama upande wa mashamba ili asione kwamba nimeona.

Asubuhi yake alikuja. Homa ilikuwa imeshuka kidogo, mume wangu yuko macho. Mpima akasimama nje ya mlango. Akabisha hodi. Akavua viatu, vyote viwili. Mama mkwe akakaribisha. Akamsalimu shikamoo, kwa adabu, na mikono miwili. Mama mkwe akaniangalia.

Akakaa chini, mkekani.

Mume wangu akamrushia la kwanza: "Leo mpagazi amechoka, mzigo uko wapi?"

Kimya.

"Umekuja kuchukua mayai?"

Mpima anatazama mkeka.

Mume wangu akajiinua kwa kiwiko. Akatupa lile analoliogopa kila Mnyamwezi, linalohusu babu za babu zao na njia ya kwenda bara, siliandiki hapa. Kwa neno lile mtani yeyote angepaswa kusimama na kujibu hata kama amevunjika mguu.

Mpima akasema taratibu: "Pole sana, ndugu yangu. Mungu akusaidie."

Nyie hamjui neno hilo lina uzito gani. Mtani akikuita ndugu na akaishia hapo, jua kaburi lako limeshaonekana. Mume wangu alimtazama. Akamtazama mama yake, ambaye alikuwa amekwisha kujifunika khanga usoni. Akanitazama mimi. Ule uso wa utani ukamtoka kama maji yanavyotoka kwenye mtungi uliopasuka, akabaki mtu tu, mgonjwa.

"Mke wangu," akasema, "kumbe naumwa."

"Nilikuambia."

"Leta hiyo dawa."

Nilikuwa nayo mkononi. Vilikuwa vile vidonge vya njano, vichungu kuliko shubiri. Akameza, akakunja uso, akanyoosha kidole kwa mpima. "Sema kitu, basi! Nitukane!"

"Ukipona," akajibu mpima, na machozi yanamlenga.

Alimeza siku zote alizoambiwa. Homa ilimwacha. Lakini vile vidonge viliwageuza watu rangi, na mume wangu akaiva njano, viganja, macho, masikio, kama mtu aliyeoga bizari. Alipokwenda kupimwa tena, mpima akahamisha choroko mia, akazirudisha, akahamisha tena mia, pete hata moja hakuna. Akanionyesha na mimi. Vitumbua vitupu, safi. Ndipo akavuta pumzi, akasimama kibarazani, na maneno aliyokuwa ameyafungia kwa siku zote zile yakatoka kwa pamoja, watu wakashika mbavu, na mume wangu wa njano akajibu moja baada ya jingine huku amejishikilia nguzo. Ilibidi dresa afunge mlango ili awasikie wagonjwa wake.

Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani kwanza, nikawaita wote wa nyumba ile, mama mkwe nikamwekea kiti kwa heshima yake, mume wangu nikamkalisha mkekani na rangi yake. Nikawaambia: "Kuanzia leo, mwenye homa humu ndani anakwenda kutobolewa kidole siku hiyo hiyo, kidole chake mwenyewe. Jibu nitalipokea mimi. Dawa itamezwa mbele yangu, na mdomo utafunguliwa nitazame chini ya ulimi. Kutaniana ni baada ya kumeza."